Trei za mayai hazimzuii bodaboda

Ukipanga chumba Mabatini au Igogo, hapa Mwanza, ukasema unataka kurekodia gitaa na sauti humo, ushauri wa kwanza utakaopewa ni kutafuta trei za mayai. Mimi nilibandika sitini kwa gundi, na mwenye nyumba hajanisamehe hadi leo.

Dhana: Trei za mayai huzuia kelele.
Ukweli: Kelele huzuiwa na ukuta mzito usio na mianya. Trei ni karatasi. Bodaboda anayepanda mlima utamsikia vilevile, na mvua ikianza kupiga bati, kazi imeisha. Labda zipunguze mwangwi wa ndani? Kidogo, tena kwa sauti nyembamba tu. Wimbi la sauti la hezi 100, pale mwili wa gitaa unapovuma, lina urefu wa mita 3.4 hivi, trei yenye kina cha sentimita tano italifanya nini? Matokeo yake rekodi inapoteza mng'ao huku besi ikiendelea kunguruma. Vyumba vyetu vya mita tatu kwa tatu huzidisha tatizo, maana kuta za pande zote huvumisha masafa yaleyale, kuanzia karibu hezi 57. Dawa ni kitu kinene na laini: godoro lililosimamishwa, mablanketi mazito, magunia ya mitumba kwenye kona. Godoro liweke nyuma ya mwimbaji, siyo nyuma ya maiki kama wengi wanavyofanya. Maiki inamtazama mwimbaji, kwa hiyo ukuta ulio mgongoni kwake ndio inaousikia.

Dhana: Maiki ielekezwe kwenye tundu la gitaa, ndiko sauti inakotoka.
Ukweli: Sehemu kubwa ya sauti hutoka kwenye ubao wote wa mbele. Tundu linapumua hewa na kuleta mvumo mzito. Anza sentimita 20 hadi 30 mbele ya freti ya 12 (kile chuma cha 12 kwenye shingo ya gitaa), kisha sogeza taratibu huku ukisikiliza kwa hedifoni.

Dhana: Maiki ya kondensa, ile nyeti ya studio, ni bora siku zote.
Ukweli: Kwa gitaa, mara nyingi ndiyo. Lakini kwa kawaida inahitaji umeme wa volti 48 kutoka kwenye saundi kadi (kifaa kinachounganisha maiki na kompyuta), na inasikia kila kitu: feni, vyura, jirani anayekaanga sato. Kwa kuimba kwenye chumba kitupu, maiki ya kawaida ya jukwaani iliyo karibu na mdomo hunipa sauti safi zaidi.

Dhana: Rekodi hadi taa nyekundu iwake.
Ukweli: Ni desturi ya enzi za kanda, watu walipokuwa wakikimbia mchakacho. Ukirekodi kwenye kompyuta kwa ubora wa biti 24, acha vilele vya sauti vifike desibeli -12 hivi, yaani 12 chini ya kikomo. Sauti ya kidijitali ikishapasuka, hairudi vizuri.

Dhana: Ukinakili rekodi ya gitaa, nakala moja kushoto na nyingine kulia, miksi (sauti zote zikichanganywa) inapanuka.
Ukweli: Nakala mbili zinazofanana husikika katikati palepale, ila kwa nguvu zaidi. Upana unatokana na tofauti ndogondogo za mkono, kwa hiyo piga wimbo mara ya pili. Halafu sikiliza miksi kwa spika moja ya simu. Sauti ya mwimbaji ikizama, shusha magitaa kwanza kabla hujampandisha yeye.

Kuhusu mvua, sina ujanja. Ikija, narudisha gitaa kwenye begi.