Kufichua visanduku vya fomu kwa kitufe

Kuonyesha sehemu iliyofichwa mtumiaji anapobofya kitufe ni zoezi ambalo hupewa wanaoanza JavaScript, kwa kuwa mistari mitatu ya msimbo inatosha. Ndani ya fomu ya malipo haitoshi, kwa sababu kitu kisichoonekana kwa macho kinaweza kuwa bado kinahesabiwa na kivinjari.

Tuchukue ukurasa wa kukata tiketi ya basi. Chini ya jina na namba ya simu ya mnunuzi kuna kitufe "Ninamlipia mtu mwingine", nacho kikibofywa hutokea visanduku viwili vya jina na simu ya msafiri. Visanduku hivyo huviweka ndani ya fungu moja la fieldset (kitambulisho cha HTML kinachokusanya visanduku vya fomu) lenye sifa ya hidden, yaani iliyofichwa, kisha msimbo hulifungua na kulifunga hivi:

fungu.hidden = !fungu.hidden;

Kitufe chenyewe lazima kiandikiwe type="button", la sivyo kivinjari hukihesabu kuwa ni cha kutuma fomu. Vilevile, ukilipanga fungu kwa display: flex katika CSS, lugha ya kupanga mwonekano wa ukurasa, halitafichika tena, kwa maana hidden hutegemea kanuni ya kivinjari ambayo kanuni yako inaishinda. Mimi huongeza kanuni ya [hidden] yenye display: none !important, na sioni haya kutumia hiyo !important, inayoifanya kanuni ishinde nyingine.

Tatizo linalosumbua zaidi hujificha kwenye sifa ya required. Kisanduku cha jina la msafiri kikiwa cha lazima, huku fungu limefungwa, kivinjari hukikuta kitupu na kukataa kutuma fomu. Kingependa kumwonyesha mnunuzi kosa, lakini hakiwezi kumpeleka kwenye kisanduku kisichokuwepo machoni. Mnunuzi anabonyeza "Lipia" na hakuna kinachotokea, wala ujumbe haupo isipokuwa kwenye konsoli, dirisha la kivinjari la waandika msimbo, ambako yeye hafiki. Kinyume chake nacho kina madhara: aliyekwisha kujaza jina la msafiri, akabadili nia na kulifunga fungu, bado jina hilo linatumwa kwenye seva. Dawa ya yote mawili ni kuliandikia fungu sifa ya disabled, yaani kulizima, tangu mwanzo likiwa limefichwa, na kuongeza mstari huu mara tu baada ya ule wa kwanza:

fungu.disabled = fungu.hidden;

Visanduku vilivyozimwa havikaguliwi wala havitumwi, na vikiwashwa tena hurudi na maandishi yake.

Asiyeona, anayetumia programu ya kusoma skrini kwa sauti kama NVDA au TalkBack, anahitaji kuambiwa hali ya kitufe, kwa hiyo sifa yake ya aria-expanded, inayosema kama fungu limefunguliwa, igeuzwe kati ya true na false katika msimbo huohuo, na fungu lifuate kitufe moja kwa moja kwenye HTML ili hatua yake inayofuata imfikishe humo. Kuficha kwa opacity: 0 kusitumike hapa, kwa kuwa kidole na kibodi bado vinalifikia fungu lisiloonekana.

Kwa maswali na majibu ya kawaida, vitambulisho vya HTML vya details na summary, vinavyofungua na kufunga maandishi vyenyewe, vinatosha bila JavaScript hata kidogo. Kwa fomu ya tiketi, ambayo hufunguliwa pia penye mtandao hafifu, huliandika fungu likiwa wazi na visanduku vyake vikiwa vya hiari, na kitufe kikiwa kimefichwa. JavaScript ikifika ndipo inapolifunga na kulizima fungu, kuvifanya visanduku kuwa vya lazima na kukitoa kitufe, na isipofika mnunuzi bado anaweza kumkatia mwenzake tiketi.