Mtoto kung'ang'ania mdoli wake usiku sio kudeka

Wengi tumekua tukisikia kwamba mtoto wa miaka miwili mitatu asiyelala bila mdoli wake amedekezwa au ni muoga, kwahiyo bora ufichwe mapema azoee. Ila kwa inavyojulikana kwenye malezi hilo ni jambo la kawaida sana, mtoto anajifunza kujituliza mwenyewe mama akitoka chumbani, na wengi huacha taratibu wakikua. Wala sio lazima mdoli, wengine ni kipande cha kanga ya mama, ole wako ukifue harufu ipotee, hapo hakulaliki!

Unaweza kuangalia mwenyewe. Mchana anacheza, anakula, anachangamka na wenzake? Basi mdoli sio tatizo. Usiku mnaposoma kitabu cha picha, tuseme mdoli wake ni sungura, muulize, "sungura wako anaona nini hapo?" huenda ukamsikia anaeleza ukurasa mzima kwa niaba ya sungura, na yule yule ukimuuliza yeye moja kwa moja pengine ananyamaza kimya.

Tahadhari kwa wachanga tu, chini ya miezi 12 usimwachie midoli laini anapolala, inaweza kumziba pumzi.