KV sio nguvu, jamani

Juzi tena. Dogo mmoja kanifuata Sinza na boksi lake, ndani kuna F450, droni ya mota nne, iliyounguza ESC mbili (vile vidude vinavyodhibiti umeme wa mota), na hata hajakaa keshaanza: "Bro, ilikuwa inapanda kwa shida, nikatoa zile mota za KV 920 nikaweka zenye nguvu, za KV 2300." Huyu ni wa tatu mwezi huu. Naandika ili wa nne nimtumie linki tu mi nirudi kwenye chai yangu.

KV ni mizunguko kwa dakika kwa kila volti, mota ikiwa tupu, haina propela. Basi. 920 kwenye betri ya 3S, yaani seli tatu, volti 11.1, ni kama 10,200, na 2300 ni kama 25,500. Hapo nani kasema habari za kubeba kilo?

Chukua mota mbili zenye stata (kile chuma cha ndani kinachosukwa waya) ya saizi moja, sumaku zile zile. Moja imesukwa kwa waya mwembamba uliozungushwa mara nyingi, KV inashuka. Nyingine waya mnene uliozungushwa mara chache, KV inapanda. Shaba ni karibu ile ile! Misuli ni ile ile, ila moja inataka volti nyingi na ampea chache, na nyingine kinyume chake. Ukitaka kujua misuli soma namba ya pili iliyoandikwa kwenye mota, ile 2212, maana yake stata upana milimita 22 na kimo 12, chuma na shaba ndo vinabeba. KV ni gia tu. Bodaboda ana magunia mawili ya mkaa anapandisha Goba halafu unamwambia atie gia ya tano eti ndo yenye nguvu, atakutukana na atakuwa na haki.

Sasa dogo kaweka 2300 na propela kaziacha zile zile za inchi 10. Msukumo unapanda kwa kipeo cha pili cha mizunguko, lakini umeme unapanda kwa kipeo cha tatu. Mizunguko ikitaka kwenda mara mbili na nusu, umeme unatakiwa mara 15 na ushee. ESC ya ampea 30 itautoa wapi? Haifiki huko, inavuta mpaka inatoa moshi, na ndo ule moshi alioletea hadithi. Mota za 2300 zina kazi yake, propela za inchi 5 kwenye droni za mashindano, hazina kosa lolote.

Kuhusu uzito nitakuwa mfupi: nunua mizani ya jikoni Kariakoo, pima kila kitu na BETRI IKIWEMO, usijumlishe kwa kichwa. Halafu msukumo wa mota nne pamoja uwe angalau mara mbili ya huo uzito.

Kwa nini mbili, wakati moja na kidogo inatosha kunyanyuka? Kwa sababu kunyanyuka sio kuruka. Droni ikiinama nyuzi 30 kusukuma upepo inahitaji kama asilimia 15 zaidi ili isishuke, ikiinama 60 inahitaji mara mbili kamili, na hapo bado ubongo wake unataka akiba ya kuongeza mota hii na kupunguza ile. Ila niwe mkweli, mbili sio sheria ya fizikia, ni uzoefu wa watu. Mimi nimewahi kurusha moja na nusu alfajiri Coco Beach, ikatulia kama tai, nikajiona fundi. Saa nane mchana upepo wa bahari umeamka, ikaenda na upepo wake nikaifuata kwa miguu. Na zile jedwali za msukumo za wauza mota mi nakata asilimia 20 bila kuuliza, sina hesabu ya kuitetea hiyo 20, ni makovu tu. Joto letu la nyuzi 32 pekee linakula kama 5, hewa ni nyepesi kuliko ile ya nyuzi 15 ya vitabuni.

Tukaipima ya dogo kama ilivyokuwa mwanzo. Fremu 282, mota nne 220, ESC 100, betri 400, propela na nyaya na makorokoro 150, kamera na gimbo (kishikio kinachoituliza kamera) 250. Gramu 1,402. Zile 2212 na inchi 10 zinatoa kama 800 kila moja, jumla 3,200, toa 20 yangu bado 2,560. Hiyo ni 1.8, chini kidogo ya ile mbili hata baada ya kukata, lakini kwa kamera ya kupigia harusi inatosha kabisa.

Nikamwomba betri. Imevimba kama andazi. Nikaifunga kwenye mota moja tu ya zamani, nikaongeza throto, volti zikaporomoka kutoka 12.4 mpaka 9 na kidogo.

"Kumbe?" akasema.

Kumbe.