Michezo jumuishi ni nini hasa?

Pita jioni kwenye kiwanja chochote cha Makorora au Chumbageni, hapa Tanga, vijana wakigawana timu. Yupo mmoja atakayebaki pembeni. Kavaa jezi yake ya Coastal Union, anaokota mpira ukitoka, analinda ndala na baiskeli za wenzake. Watu wakisikia "michezo jumuishi" hudhani ndiyo hiyo: kijana mwenye ulemavu wa akili kakaribishwa uwanjani, hajafukuzwa. Hapana. Huyo kaajiriwa bila mshahara.

Michezo jumuishi ni pale wenye ulemavu wa akili na wasio nao wanapokuwa timu moja, wakafanya mazoezi pamoja, na wote wakahesabiwa. Kuhesabiwa kwenyewe ni kwa tarakimu. Katika kanuni za Special Olympics, shirika la kimataifa la michezo ya wenye ulemavu wa akili, timu ya soka ya watu 5 hairuhusiwi kuwa na wasio na ulemavu zaidi ya 2 uwanjani. Ya watu 7, wasizidi 3. Ya watu 11, wasizidi 5. Hao huitwa wachezaji wenza. Na mwenza akiwa fundi wa chenga, akautoa mpira golini kwao mpaka golini kwa wapinzani huku wenzake wanamtazama, kaharibu, hata akifunga.

Ulemavu wa akili ni ugumu wa kujifunza, kufikiri na kumudu mambo ya kila siku, unaoanza kabla ya utu uzima. Si ugonjwa wa akili. Mtindio wa ubongo nao ni jambo jingine, linagusa misuli na mwendo, ingawa mtu mmoja anaweza kuwa na vyote viwili. Mtaani kwetu wote hao huitwa "taahira". Neno hilo livuliwe nje pamoja na zile ndala.

Aliyeanzisha Special Olympics ni Eunice Kennedy Shriver wa Marekani. Mwaka 1962 alifungua kambi ya michezo nyumbani kwake Maryland, na Julai 1968 mashindano ya kwanza yakafanyika Chicago. Siku hizo wenye ulemavu wa akili walishindana wao kwa wao. Timu za mchanganyiko zilikuja miaka ya 1980.

Jambo la pili la kulielewa ni upangaji wa makundi. Kwanza wachezaji wanapimwa, kisha wanapangwa kwa umri, jinsia na uwezo. Anayemaliza mita 100 kwa sekunde 14 hapangwi na wa sekunde 25. Ndiyo maana wa sekunde 25 naye ana mbio za kweli, anaweza kushinda na anaweza kushindwa.

Mpangilio huu usichanganywe na Paralimpiki, mashindano ya dunia ya watu wenye ulemavu mbalimbali, ambako wanaoshindana ni wale waliofikia viwango vya juu. Huko kuna kisa ambacho mashabiki wa ndondo watakielewa upesi: Sydney mwaka 2000, timu ya Hispania ya mpira wa kikapu ya wenye ulemavu wa akili ilitwaa dhahabu, kumbe kati ya wachezaji 12, 10 walikuwa mamluki, hawana ulemavu huo. Dhahabu ikarudishwa. Walioadhibiwa zaidi ni wasio na kosa, maana wanamichezo wote wenye ulemavu wa akili waliondolewa Paralimpiki mpaka London 2012.

Ukitaka kuanzisha timu mtaani, ulizia kwanza afya. Baadhi ya watoto wenye Down syndrome, hali ya kuzaliwa nayo inayoambatana na ulemavu wa akili, wana mifupa ya shingo isiyoshikana vizuri, hivyo daktari awaone kabla ya sarakasi au kupiga mbizi Raskazone. Mengine ni subira. Usimwambie mchezaji "panda, kaba, rudi, angalia namba tisa". Mwambie "simama hapa". Simama naye mwenyewe, mwonyeshe kwa mguu wako. Akishika hilo, ndipo umpe la pili.