Je, wajua kwa nini sindano ya kukomaza mapafu ya mtoto tumboni hugusa pia mishipa yake ya damu?

Mjamzito mwenye dalili za kujifungua njiti, kati ya wiki ya 24 na ya 34, huchomwa deksamethasoni miligramu 6 kwenye msuli kila baada ya saa 12, jumla sindano 4. Au huchomwa betamethasoni miligramu 12, mara 2, kwa kupishana saa 24. Hizi ni steroidi za ukoo wa kortisoli, homoni inayotoka kwenye tezi zilizo juu ya figo. Si zile za kutunishia misuli. Sindano hizi huyahimiza mapafu ya mtoto yatoe mapema ute unaozuia vifuko vya hewa kunatana anapovuta pumzi ya kwanza. Lakini dawa ikishaingia kwenye damu ya mtoto haiendi mapafuni tu. Hupita katika kila kiungo kinachoendelea kuumbwa, na ujumbe wake ni uleule: acha kukua, anza kukomaa.

Kwa kawaida mtoto hulindwa dhidi ya kortisoli ya mama yake. Kondo la nyuma lina kimeng'enya kinachoigeuza sehemu kubwa ya homoni hiyo kuwa kortisoni, ambayo haina nguvu. Deksamethasoni na betamethasoni zimeundwa kwa umbo ambalo kimeng'enya hicho hakiliwezi vizuri, ndiyo maana zikateuliwa kwa kazi hii. Prednisoloni, ambayo wengi humeza kwa ajili ya pumu, huzuiwa palepale mlangoni. Mtoto hupata kama sehemu moja tu ya kumi. Kwa hiyo mjamzito mwenye pumu asiache dawa zake kwa kuogopa haya tunayoyaeleza. Shambulio la pumu linalomnyima mtoto oksijeni ni hatari zaidi.

Sasa tuingie ndani ya mshipa. Ateri, yaani mshipa unaopeleka damu kutoka moyoni, imetandikwa kwa ndani safu moja nyembamba ya chembe zinazotoa gesi ya naitriki oksaidi, na gesi hiyo huiamuru misuli ya ukuta ilegee ili damu ipite kwa nafasi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Wake Forest, Marekani, waliwachoma kondoo wenye mimba betamethasoni mara 2 karibu na siku ya 80 ya mimba, ambayo kwa kondoo hudumu siku 147 hivi. Wanakondoo walizaliwa kwa wakati na kwa macho hawakuwa na kasoro. Walipokua, presha yao ilikuwa juu kuliko ya wenzao. Ateri za wanyama waliopata dawa hizi tumboni huonyesha kasoro mbili zinazosaidiana: hutengeneza kwa wingi chembechembe za oksijeni kali zinazoila naitriki oksaidi kabla haijafanya kazi, na hubana kupita kiasi zinapoguswa na homoni za kubana mishipa kama endothelini. Mshipa unaolegea kwa shida na kubana upesi hupandisha presha hata bila chumvi kuzidi.

Figo nazo zina mchango, pengine mkubwa kuliko mishipa yenyewe. Vichujio vya figo za binadamu hukamilika kuumbwa kufikia wiki ya 36, na baada ya hapo hakiongezeki hata kimoja. Steroidi zikikatiza kazi hiyo, mtoto huzaliwa na vichujio pungufu, naye hulazimika kusukuma damu kwa nguvu zaidi ili kutoa chumvi ileile. Wakati wa kupewa dawa hubadilisha matokeo. Huko Melbourne, Australia, kondoo waliopewa deksamethasoni kwa siku 2 mwishoni mwa mwezi wa kwanza wa mimba walizaa watoto waliopata presha ukubwani, ilhali waliopewa dawa hiyohiyo karibu na siku ya 60 hawakuzaa watoto wa namna hiyo.

Kwa binadamu picha ni tulivu zaidi. Madaktari Liggins na Howie walianza kuwapa akina mama betamethasoni huko Auckland, New Zealand, na kuchapisha matokeo mwaka 1972. Watoto wa akina mama hao walipofika miaka 30, zaidi ya 500 walipimwa, na presha ya waliopata dawa tumboni na ya wasioipata haikutofautiana. Walipofika miaka 50, magonjwa ya moyo hayakuonyesha tofauti pia. Kwa upande mwingine, vijana wa miaka 14 waliofuatiliwa Australia walikuwa na presha ya juu kidogo, na vipimo vya picha huko Uingereza vilikuta mshipa mkuu wa moyo ukiwa mgumu zaidi kwa waliozaliwa njiti baada ya sindano. Ugumu huo una maana, kwa kuwa nyuzi za kunyumbuka za mshipa huo hufumwa zaidi mwishoni mwa mimba na miezi ya kwanza baada ya kuzaliwa, kisha hazifumwi tena kwa kiasi hicho. Kinachochanganya ni kwamba kuzaliwa njiti kwenyewe hupandisha presha, hata bila dawa yoyote.

Kwa maoni yetu, hatari iko kwenye matumizi holela kuliko kwenye dozi moja iliyotolewa panapostahili. Jaribio la nchi 6, Kenya ikiwemo, lililochapishwa mwaka 2015, lilieneza sindano hizi hadi vituo vidogo. Wengi waliochomwa hawakujifungua njiti, na vifo vya watoto wachanga viliongezeka badala ya kupungua. Jaribio la 2020, Kenya ikiwemo tena, lilizitoa hospitalini, kwa umri wa mimba uliothibitishwa kwa ultrasaundi, na vifo vikapungua. Kuchoma kila wiki kumeachwa. Dozi hurudiwa mara moja tu, siku 7 zikipita na hatari ya kujifungua mapema ikiwa bado ipo.

Kuna mlango mwingine ambao hospitali haiuoni: mkorogo. Krimu nyingi za kung'arisha ngozi zina klobetasoli, steroidi kali inayopenya ngozini, hasa ikipakwa mwili mzima kila siku. Matumizi ya steroidi kali za kupaka yanayozidi gramu 300 katika ujauzito mzima yamehusishwa na watoto wenye uzito mdogo. Aliyezizoea asikatishe ghafla bila kumwambia daktari, maana tezi zake za juu ya figo huenda zimeshalala.

Mtoto aliyezaliwa kabla ya wiki ya 32 apimwe presha hata kabla ya kutimiza miaka 3. Mkanda wa kupimia uwe wa kimo chake: mpira wake wa ndani uwe na upana wa angalau asilimia 40 ya mzunguko wa mkono, na urefu unaozunguka asilimia 80 hadi 100. Mkanda mdogo husoma juu kwa uongo. Mkubwa mno husoma chini na kuficha presha iliyopo.