Sindano inayotangulia kisu

Juzi, wodini hapa Tanga, kijana mmoja wa Chumbageni alinifuata hadi mlangoni. Mama yake tulimtoa uvimbe kwenye utumbo mpana siku sita kabla. Anakunywa uji, mshono mkavu, anaruhusiwa.

"Shikamoo daktari. Mbona mama anaondoka bila dawa hata moja ya kuua bakteria? Bibi wa kitanda cha pili alichomwa sindano siku kadhaa."

"Marahaba. Mama yako dawa yake alishapata, kabla hata sijagusa ngozi yake."

Hakuridhika, nami simlaumu. Tukakaa kwenye benchi.

Tumbo la chakula lina tindikali, bakteria humo ni wachache. Kwenye utumbo mpana hali ni nyingine kabisa: gramu moja ya kinyesi ina bakteria wapatao bilioni 100. Hata tukifungua kwa uangalifu wote, baadhi yao watagusa kidonda. Swali ni watakuta nini hapo. Dawa ikiwa tayari imejaa kwenye damu na nyama, wanakufa kabla hawajajishikiza. Ikichelewa, mishipa midogo iliyokatwa imeshaziba, na dawa haifiki vizuri panapotakiwa. Mwaka 1961 John Burke wa Marekani alilionyesha hili kwa simbilisi: antibaiotiki iliyotangulia bakteria ilizuia madhara, iliyokuja saa 3 baadaye haikusaidia kitu.

Ndiyo maana tunatoa antibaiotiki iitwayo sefazolini, gramu 2, ndani ya saa moja kabla ya kukata, pamoja na metronidazo kwa ajili ya wale bakteria wa utumbo mpana wanaoishi pasipo oksijeni. Upasuaji ukichukua zaidi ya saa 4, au mgonjwa akipoteza damu nyingi, sefazolini inarudiwa palepale mezani. Tukimaliza kushona, basi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2016 unakataza kuendeleza dawa ya kinga baada ya hapo: haimwongezei mgonjwa ulinzi, inamletea kuharisha na kulea usugu wa vimelea.

Yule bibi wa kitanda cha pili kidole tumbo chake kilikuwa kimeshapasuka, usaha umetapakaa tumboni. Yeye alikuwa anatibiwa maambukizi, si kukingwa. Watu wengi, hata baadhi yetu wenye makoti meupe, tunachanganya mambo haya mawili.

Nina sababu ya kulishikia bango jambo hili. Nikiwa bado najifunza, katika hospitali nyingine, tulimfungua baba mmoja utumbo. Tukiwa tunashona nikaiona chupa ya dawa kwenye trei, unga wake mkavu, hakuna aliyeuchanganya. Tukampa kwa siku tano baada ya upasuaji, tukidhani tunafidia. Mshono ukatoa usaha. Siwezi kuapa kuwa hiyo ndiyo sababu pekee, lakini nilimsafisha kidonda kila asubuhi kwa wiki tatu, na uso wake ninao mpaka leo. Siku hizi sishiki kisu mpaka mtaalamu wa usingizi ataje kwa sauti saa dawa ilipoingia.

(Na tafadhali, msiwanyoe wagonjwa tumbo kwa wembe nyumbani. Mikwaruzo ile ni mlango wa bakteria.)

Kijana akauliza, "Sasa nyumbani niangalie nini?" Nikamwambia: homa, maumivu yanayozidi badala ya kupungua, wekundu unaosambaa, majimaji au usaha kwenye mshono, ndani ya siku 30. Ukiona kimojawapo, mlete siku hiyohiyo, usipitie duka la dawa. Akaviandika kwenye simu, kimoja kimoja, kisha akaenda kumfunga mama yake khanga.