Mmea Hupima Usiku, Si Mchana

Swali hili hutufikia mara kwa mara: mmea umestawi, majani yamekolea kijani, mbolea imetiwa na maji haukosi, lakini hautoi ua hata moja. Wengi hukimbilia kuongeza mbolea. Kabla ya hapo, naomba utoke nje saa nne usiku ukautazame. Je, kuna taa inayoumulika?

Nchini Marekani kulikuwa na aina ya tumbaku iliyoitwa Maryland Mammoth. Majira yote ya joto ilirefuka tu, ikapita kimo cha mtu, na baridi ikaingia haijachanua. Ilipokuzwa ndani ya banda la kioo wakati wa baridi, ilichanua ikiwa bado fupi. W. W. Garner na H. A. Allard wa Wizara ya Kilimo walichunguza joto, unyevu na rutuba, wasipate jibu. Mwezi Julai 1918 wakajaribu jambo jepesi: kila siku saa kumi jioni waliiingiza mimea kwenye kibanda chenye giza, wakaitoa saa tatu asubuhi. Tumbaku ikachanua katikati ya majira ya joto. Walichapisha matokeo yao mwaka 1920, na hapo ndipo tulipoanza kusema mimea ya siku fupi, inayochanua siku zikiwa fupi, kama krisanthemumu, poinsetia na soya, na mimea ya siku ndefu, inayochanua siku zikiwa ndefu, kama spinachi, figili na ngano. Nyanya na tango hazijali sana urefu wa siku.

Majina hayo yamezoeleka, ila yanapotosha. Mwaka 1938 watafiti Karl Hamner na James Bonner walitumia gugu la siku fupi liitwalo Xanthium, lile ambalo mbegu zake zenye miiba hung'ang'ania nguo. Walipoukatiza mchana kwa giza, hakuna kilichobadilika. Walipoukatiza usiku kwa mwanga wa muda mfupi tu, gugu halikuchanua. Kinachopimwa, basi, ni giza lisilokatika. Gugu hili likipata usiku mmoja tu wenye urefu unaozidi kama saa 8 na nusu, linaanza kuandaa maua, hata kama ni jani lake moja tu lililofunikwa gizani.

Jani hilo ndilo jicho la mmea. Ndani yake mna fitokromu, rangi yenye maumbo mawili. Mwanga mwekundu huigeuza kuwa umbo linalofanya kazi. Mwekundu wa mbali, ule ambao macho yetu hayauoni vizuri, huirudisha ilivyokuwa. Ukilimulika gugu letu usiku kwa mwanga mwekundu, maua yanazuilika. Ukifuatisha papo hapo mwekundu wa mbali, yanarudi. Unaweza kurudia zamu hizo mara nyingi, na mmea utafuata mmuliko wa mwisho. Kwangu mimi, hili ni kati ya majaribio mazuri kuliko yote katika elimu ya mimea. Habari ya usiku huunganishwa na saa ya ndani ya mmea, kisha jani hutuma ujumbe hadi kwenye ncha ya shina. Mtaalamu wa mimea Mikhail Chailakhyan aliuita ujumbe huo florijeni katika miaka ya 1930, lakini ni mwaka 2007 tu ndipo ilipoonyeshwa wazi kwamba ni protini inayosafiri kutoka kwenye jani.

Ndiyo maana mbegu ya soya iliyozalishwa kwa ajili ya nchi zenye siku ndefu za majira ya joto, ikipandwa karibu na ikweta, huchanua mapema mno ikiwa bado ndogo, na mavuno yanakuwa haba. Mkulima hana kosa, na udongo hauna kosa. Chagua aina inayofaa latitudo yako.

Wakulima wa krisanthemumu hutumia ujuzi huu kila siku. Huwasha taa katikati ya usiku ili kuchelewesha maua, kisha huzizima wakitaka yachanue. Mwenye poinsetia nyumbani afanye kinyume: aifunike kwa boksi kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa moja asubuhi, kila siku kwa wiki nane au zaidi, na mchana aipe mwanga wa kutosha. Boksi lisiwe na upenyo, na usilifunue usiku kuchungulia. Wekundu utakaoanza kuuona ni wa majani; maua yenyewe ni yale madogo ya manjano katikati.